Wasomaji Wanauliza: Wa Mkataba na wa Kudumu Kampuni Inapopunguza Watu

Barua za mwezi huu zimetawaliwa na jambo moja. Kampuni zinapunguza watu, na wanaotuandikia wanataka kujua kwa nini watu wawili waliokaa meza moja, wakifanya kazi ile ile, huagwa kwa namna mbili zisizofanana hata kidogo. Nimechagua barua nne. Sheria za kazi hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo majibu haya yanaeleza mambo yanavyokwenda kwa jumla. Mwenye shauri lake mahsusi asiache kumwona mwanasheria au afisa wa kazi, akiwa na mkataba wake mkononi.

Mheshimiwa mhariri, nakusalimu. Nimefanya kazi katika kampuni moja kwa miaka minne na miezi miwili, nikiwa msanifu wa mifumo ya kompyuta. Mikataba yangu ilikuwa ya miezi sita sita, nayo ilihuishwa mara nane kupitia wakala wa ajira. Alhamisi moja, saa tano asubuhi, nilishindwa kufungua barua pepe ya kazini. Nikadhani ni hitilafu ya mtambo, nikawapigia mafundi. Saa nane mchana wakala alinitumia ujumbe kwamba mradi umekamilika na kwamba nirudishe kompyuta kabla ya Ijumaa jioni. Wenzangu wawili wa kudumu walipunguzwa wiki hiyo hiyo, lakini wao waliitwa kwenye kikao, wakapewa notisi ya miezi miwili, kiinua mgongo na barua za kuwatambulisha kwa waajiri wengine. Mradi wenyewe haujakamilika hadi leo. Je, nilivyofanyiwa ni halali?
*Wa Miezi Sita Sita*

Jibu: Ndugu yangu, pokea pole zangu. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu swali lako ndilo linalobeba mengine yote.

Niliwahi kufanya kazi katika idara ya rasilimali watu, na nilihudhuria kikao cha aina ile iliyokuamulia wewe. Ukutani palikuwa na jedwali lenye kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa waajiriwa: jina, tarehe ya kuajiriwa, mshahara, siku za likizo alizobakiza, na mwishoni gharama ya kumwondoa. Kila mstari ulijadiliwa, tena kwa hofu, kwa kuwa kila mstari ungeweza kufika mbele ya chama cha wafanyakazi au mahakamani. Ukurasa wa pili ulikuwa wa watu wa mkataba, nao haukuwa na majina. Ulikuwa na namba za oda za ununuzi, jina la wakala na kiasi cha fedha kwa mwezi. Safu ya gharama ya kumwondoa mtu haikuwapo kabisa. Ukurasa wa kwanza ulituchukua siku tatu. Wa pili haukuzidi dakika ishirini. Nilikaa kimya, na ukimya ule unanisuta mpaka leo.

Nakusimulia hayo ili uelewe kwamba hukuondolewa kwa sababu ya utendaji wako. Katika kampuni nyingi mwajiriwa huhesabiwa katika bajeti ya mishahara, ilhali mtu wa mkataba huhesabiwa katika bajeti ya ununuzi wa huduma, pamoja na usafi, ulinzi na leseni za programu. Fedha zikipungua, meneja anayeambiwa akate matumizi ndani ya robo hiyo ya mwaka hutazama kwanza kile kinachokatika bila notisi ndefu na bila fidia. Ndiyo maana pia watu wa mkataba mara nyingi hawamo katika idadi zinazotangazwa. Mwaka 2019 gazeti la The New York Times liliripoti kwamba Google ilikuwa na watu wa muda na wa mkataba wapatao 121,000 duniani, wakati waajiriwa wake walikuwa wapatao 102,000. Januari 2023 kampuni hiyo ilipotangaza kupunguza nafasi 12,000, iliwaahidi waajiriwa wake wa Marekani malipo ya kipindi cha notisi kisichopungua siku 60, na kiinua mgongo kinachoanzia mshahara wa wiki 16 pamoja na wiki mbili kwa kila mwaka wa ziada wa utumishi. Ahadi hiyo ilikuwa ya waajiriwa.

Sasa uhalali. Mkataba Na. 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unasema mfanyakazi asiachishwe kazi bila sababu ya msingi inayotokana na uwezo wake, mwenendo wake au mahitaji ya uendeshaji wa kampuni. Lakini mkataba huo huo unairuhusu nchi kuwaweka kando watu walioajiriwa kwa muda maalumu au kwa kazi maalumu, ingawa unaitaka pia iweke kinga ili mikataba ya muda isitumiwe kama njia ya kukwepa ulinzi huo. Umoja wa Ulaya nao, katika agizo lake la mwaka 1998 kuhusu kupunguza wafanyakazi kwa pamoja, umewaacha nje watu wa muda maalumu, isipokuwa pale wanapoondolewa kabla ya muda wao kwisha.

Kifungu hicho cha mwisho kinakugusa wewe moja kwa moja. Kwa hesabu ya barua yako, ulikuwa umeanza mkataba wa tisa na umebakiza miezi minne. Mkataba wa muda unapofika ukomo wake na usihuishwe, mara nyingi hakuna cha kudai. Unapovunjwa katikati, mambo hubadilika. Soma kipengele cha kusitisha mkataba neno kwa neno. Kama kinampa wakala haki ya kuusitisha kwa notisi ya siku 14, unadai siku hizo 14. Kama hakitaji kabisa kusitisha kabla ya muda, hiyo miezi minne ndiyo hoja yako ya kwanza. Na kama sababu iliyoandikwa ni kukamilika kwa mradi ambao haujakamilika, hifadhi ujumbe ule kama ulivyo, wenye tarehe na saa.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo ni kama kweli ulikuwa mtu wa mkataba. Pendekezo Na. 198 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2006, linaelekeza kwamba uhusiano wa kazi upimwe kwa hali halisi ya kazi inavyofanyika na inavyolipwa, hata kama karatasi inauita jina jingine. Viashiria vyake ni vya kawaida kabisa: nani alikupa maagizo, nani alikupangia saa, vifaa vilikuwa vya nani, uliweza kumtuma mtu mwingine afanye badala yako au ulitakiwa wewe mwenyewe, ulilipwa kwa vipindi maalumu, na hayo yalikuwa ndiyo mapato yako makuu. Wewe ulipowapigia mafundi Alhamisi ile, uliwapigia mafundi wa kampuni, juu ya kompyuta ya kampuni, nao walizoea kukuhudumia kama mwenyeji. Jambo dogo kama hilo lina uzito.

Shauri linalotajwa sana katika habari hii ni la Microsoft. Mamlaka ya kodi ya Marekani iliona kwamba watu waliokuwa wakiitwa wa kujitegemea walifanya kazi bega kwa bega na waajiriwa, chini ya wasimamizi wale wale, na kwamba walistahili kuhesabiwa kuwa waajiriwa. Mwaka 1992 baadhi yao walifungua kesi wakidai mafao waliyonyimwa, na mwaka 2000 kampuni ilikubali kumaliza shauri hilo kwa dola milioni 97. Nchini Uingereza, Februari 2021, Mahakama ya Juu iliamua kwamba madereva wa Uber waliofungua shauri walikuwa wafanyakazi wenye haki ya ujira wa kima cha chini na likizo yenye malipo, ingawa nyaraka za kampuni ziliwaeleza kuwa watu wanaojiajiri.

Naongeza jambo moja kwa uchungu. Baada ya mvutano ule, Microsoft iliweka utaratibu kwamba mtu wa muda akitimiza mwaka mmoja akae nje siku 100 kabla ya kurudi. Ushindi wa waliotangulia uligeuka kuwa siku 100 bila kipato kwa waliowafuata, na hadi leo mapumziko ya lazima ya aina hiyo hutumika ili mtu asije akaonekana wa kudumu. Ndiyo maana miaka yako minne mfululizo, bila pengo, ni ushahidi usiopaswa kuudharau.

Kwa hiyo kusanya mikataba yote tisa, hati za malipo, ratiba za zamu na ujumbe wa maagizo uliotumwa kwako binafsi, ila usichukue nyaraka za siri za kampuni, maana hizo zitakugeuzia kesi. Andika madai yako kwa wakala na kwa kampuni kwa wakati mmoja, kwa sababu kila mmoja hupenda kumwelekezea mwenzake kidole. Fanya hivyo mapema: muda wa kufungua shauri la kazi huwa mfupi, na katika nchi nyingine huhesabiwa kwa wiki.

Mhariri, shikamoo. Mimi ni mwajiriwa wa kudumu, mwaka wa saba sasa. Watu wote wa mkataba katika idara yetu wameondolewa, na mkurugenzi ametuambia kwamba hatua hiyo imechukuliwa ili kutulinda sisi. Nimefarijika, lakini faraja yenyewe inanitia aibu, kwa sababu mmoja wa walioondoka ndiye aliyenifundisha kazi. Je, ni kweli kwamba sasa tuko salama?
*Mwenye Aibu*

Jibu: Marahaba. Aibu yako ni ya mtu muungwana, wala usiifukuze.

Usalama wako si kama ulivyoelezwa. Kuondoa watu wa mkataba huokoa fedha haraka, na wakati mwingine hutosha. Lakini kama mauzo yameporomoka au kampuni inafunga eneo zima la biashara, hiyo huwa ni hatua ya kwanza tu, inayochukuliwa wakati orodha ya pili inaandaliwa, kwa kuwa ya pili inahitaji ushauri wa wanasheria na mashauriano. Tena mpangilio wenyewe hugeuka. Novemba 2022 Twitter ilianza na waajiriwa, ikaondoa takribani nusu yao, ndipo zamu ya watu wa mkataba ikafuata siku chache baadaye, na taarifa za wakati ule zilieleza kwamba wengi wao walitambua tu walipokuta hawawezi kuingia kwenye mifumo ya kazi. Ipo pia hali ambayo waajiriwa huondolewa na kazi zao kupewa watu wa mkataba, kwa sababu kampuni inataka idadi ya waajiriwa ionekane ndogo mbele ya wawekezaji, hata kama kazi haijapungua.

Ulicho nacho wewe ni utaratibu. Sheria nyingi zinamtaka mwajiri aeleze sababu, atoe notisi, ashauriane na wawakilishi wa wafanyakazi na aonyeshe vigezo alivyotumia kuchagua majina. Nchini Marekani, kwa mfano, sheria ya mwaka 1988 humtaka mwajiri mwenye waajiriwa 100 au zaidi kutoa notisi ya siku 60 kabla ya kufunga kituo au kupunguza watu wengi. Utaratibu hauzuii kuondolewa. Hukupa muda na fedha za kujipanga. Anza basi kuhakikisha kwamba tarehe yako ya kuajiriwa imeandikwa sahihi, kwamba michango yako ya hifadhi ya jamii imefika inakotakiwa, na kwamba likizo zako zimehesabiwa. Nimeona mtu akipoteza miaka miwili ya kiinua mgongo kwa sababu alianza kama mtu wa mkataba, akahamishiwa ajira ya kudumu, na hakuna barua iliyosema miaka ile ya mwanzo itahesabiwa.

Kuhusu kazi zilizoachwa na walioondoka, jiandae: zitakuja mezani kwako. Ziandike, moja moja, pamoja na saa zinazochukua, na umpe msimamizi wako orodha hiyo kwa maandishi, akuambie kipi kiachwe. Wengi hunyamaza kwa kuogopa kuonekana wavivu wakati ambapo kila mtu anachunguzwa, kisha hulaumiwa kwa makosa ya kazi isiyokuwa yao.

Na yule aliyekufundisha, mtafute. Mtu wa mkataba mara nyingi huondoka bila barua ya utambulisho, kwa kuwa wakala hajui alichofanya na kampuni inasema hakuwa wake. Barua yako wewe, inayoeleza kazi mliyofanya pamoja na muda mliokaa, inaweza kumfungulia mlango. Kabla hujaiandika, angalia tu kama kanuni za kampuni yenu zinakuruhusu kuitoa kwa jina lako binafsi.

Ndugu mhariri, nimepewa nafasi mbili: ajira ya kudumu, au mkataba wa miaka miwili unaolipa asilimia 30 zaidi. Marafiki zangu wananiambia nisiwe mjinga, nichukue fedha. Wewe wasemaje?
*Njia Panda*

Jibu: Nasema ufanye hesabu kwanza, kwa kalamu. Chukua mshahara wa kudumu kuwa 100 kwa mwezi. Katika miezi 24 mwajiriwa hupata 2,400, hata alipokuwa likizo na hata alipougua kwa siku chache. Mwajiri akimchangia asilimia 10 kwenye mfuko wa pensheni, hiyo ni 240 nyingine, jumla 2,640.

Wewe wa mkataba unalipwa 130, lakini kwa muda unaofanya kazi tu. Ukipumzika mwezi mmoja kila mwaka, ukaugua nusu mwezi kila mwaka, na mkataba ukakatishwa miezi mitatu kabla ya muda bila kupata kazi nyingine hapo katikati, utakuwa umelipwa miezi 18. Mara 130, ni 2,340. Umefanya kazi miaka miwili kwa pungufu ya 300, na bado hujatoa bima ya afya, kodi unayojipelekea mwenyewe, wala gharama ya kudai ankara zinazocheleweshwa. Katika mfano huu ungehitaji takribani asilimia 47 zaidi ili mlingane. Weka tarakimu zako mwenyewe uone. Kama hutarajii pengo lolote, sura ya hesabu itabadilika kwa faida yako.

Sisemi mkataba ni mbaya. Wapo wenye ujuzi adimu wanaopata kazi nyingine kabla hata ya hii kwisha, na kwao uhuru ule una thamani halisi. Ninachokataa ni kuiita ile asilimia 30 kuwa ni nyongeza ya mshahara. Ni malipo ya hatari ambayo kampuni imeihamisha kutoka mabegani mwake kwenda mabegani mwako, na mwenye kubeba mzigo ana haki ya kuupima kabla ya kutaja bei. Ukichagua mkataba, jadili mambo matatu kabla ya kutia saini: notisi isiyopungua siku 30 kwa pande zote mbili, malipo ya kazi iliyokwisha kufanyika hata mkataba ukisitishwa, na siku ya mwisho ya kulipa kila ankara. Kisha tenga kando sehemu ya ile 30 kila mwezi mpaka utimize akiba ya miezi minne au mitano, wala usiiguse kwa matumizi ya kawaida.

Mhariri mpendwa, nilipunguzwa kazi mwezi uliopita baada ya miaka kumi na moja. Jana bosi wangu wa zamani amenipigia akitaka nirudi kama mtoa huduma wa kujitegemea, nifanye kazi ile ile, meza ile ile. Wakati huo huo, bado sijasaini hati ya kuachia madai niliyopewa pamoja na kiinua mgongo. Nifanyeje?
*Aliyeitwa Tena*

Jibu: Dada au kaka yangu, sababu ya kisheria ya kumpunguza mtu kwa kawaida ni kwamba kazi yake haihitajiki tena. Kama kazi ile ile inahitajika mwezi mmoja baadaye, sababu waliyokupa inatia shaka, na simu ya jana inaweza kuwa ushahidi. Mwombe bosi wako akuandikie pendekezo lake kwa barua pepe, aeleze majukumu, saa na mahali pa kazi. Ni ombi la kawaida ambalo hakuna mtu wa biashara anayeweza kuliona la ajabu.

Usisaini chochote kabla ya kupata maandishi hayo na kuyapeleka, pamoja na ile hati, kwa mwanasheria wa masuala ya kazi. Ukitia saini kwanza, huenda ukawa umeachia haki ya kuhoji kuondolewa kwako. Na katika nchi au kampuni nyingine kurudi mapema huathiri kiinua mgongo au kodi yake. Angalia hati inakupa siku ngapi za kutafakari. Kama hazikutajwa, ziombe kwa maandishi.

Baada ya hapo, kama unaihitaji kazi hiyo, irudie bila kuona haya. Ada ya nyumba na ya shule haingoji mtu amalize kununa. Lakini rudi kwa bei ya mtoa huduma, si kwa mshahara wako wa zamani uliogawanywa kwa siku, na mkataba utaje kazi gani unafanya na inaisha lini. Na zile siku za likizo ulizokuwa umebakiza katika miaka kumi na moja, hakikisha zimelipwa kabla hujapokea kadi mpya ya kuingilia mlangoni.